Shimo Lililokataa Kujaa

Shimo lile lilitugharimu vitunga elfu ishirini na sita mia nne na kumi na viwili vya udongo, majembe mawili yaliyovunjika na moja lililoibwa, mbuzi jike mwenye mimba, kucha mbili za mguu wa kulia wa mama yangu, na karibu nusu ya mwaka wangu wa nne wa shule ya msingi. Hesabu ya vitunga niliifanya mwenyewe, mara mbili. Mara ya kwanza nilipata vitatu pungufu. Hivyo vitatu ni vya Maman Nsimire, jirani yetu, ambaye aliapa mbele ya wenzake kwamba alivimwaga siku niliyolala na malaria. Nikamwandikia, kwa sababu ubishi wake ungenigharimu zaidi ya vitunga vitatu. Mbuzi nilimhesabu mmoja. Maman, yaani mama yangu, mpaka leo husema walikuwa wawili, na simbishii, maana mwenye mbuzi ndiye ajuaye uzito wa mimba yake.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya shimo hilo ni harufu ya jiwe lililopasuliwa. Watu wengi hawajui kwamba jiwe lina harufu. Likipigwa nyundo hunuka kama msumari uliotolewa motoni, na mvua ikinyesha juu ya vumbi lake hunuka kama sarafu iliyokaa mkononi mwa mtoto aliyetumwa mbali. Sisi tuliishi ndani ya harufu hiyo, Kasha, pembeni kabisa mwa Bagira, pale Bukavu inapochoka kuwa mji na barabara inashika njia ya kwenda Miti na Kavumu. Ilikuwa Zaïre wakati huo. Kampuni moja ya barabara, jina lake nimelisahau kwa makusudi, ilikuwa imechimba mashimo ya kokoto kando ya barabara hiyo, na letu lilikuwa dogo kuliko yote. Wanaume wa kampuni waling'oa mawe, na wanawake wa mtaa waliketi kwa safu wakiyaponda, kila mmoja na nyundo yake na pete ya mpira wa tairi aliyozungushia jiwe ili vipande visimrukie machoni. Walilipwa kwa beseni. Maman alikuwa na beseni lililobonyea upande mmoja, na kwa miaka miwili alibishana na karani kwamba kubonyea ni kwa nje tu. Baba alikuwa Mwenga akitafuta dhahabu. Dhahabu nayo labda ilikuwa ikimtafuta, ila hawakukutana.

Halafu kokoto zikaisha. Asubuhi moja kampuni ilipakia mashine, ikapakia mapipa, ikapakia mabati ya kibanda cha karani, ikapakia hata lango na miimo yake. Shimo halikupakiwa. Lilibaki pale, hatua ishirini na tano kwa kumi na nane, kina chake watu wawili wakisimamiana mabegani na bado mtoto akae juu. Ukuta wake ulikuwa mwekundu kama kidonda, na chini palikuwa pagumu kiasi kwamba mvua ilitua na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani ya mwezi mmoja tulikuwa na mbu wa kutosha kugawia Bagira yote. Ndani ya miezi miwili wanawake watano waliokuwa wakiponda mawe walikuwa wameuza kile kinachouzika, na jina langu lilianza kutajwa pamoja na la Mwenga: kwamba nina miaka kumi, kwamba naweza kupika, kwamba Baba na wenzake huko machimboni wanakula vibaya. Nilijua maana yake. Msichana aliyeenda kupika machimboni hakurudi shuleni. Siku niliposikia mara ya tatu, nilimwambia Maman kwamba siendi. Akanijibu bila kuinua macho, "Usiende basi. Lakini kwa kukaa hapa utakula nini, hesabu?"

Jibu lake mwenyewe lilikuwa shimo. Kilima kile, kwa desturi, kilikuwa cha Muzee Birindwa, aliyekipata kwa baba yake. Kwetu Bushi, asiye na shamba huomba kwa msimu, na mpango huo unaitwa bwasa: unapeleka pombe au mbuzi, unalima maharage au mihogo, unavuna, unaondoka. Mgomba hupandi kamwe. Mgomba unakaa miaka, unazaa watoto na wajukuu palepale, na anayeupanda anatangaza bila kufungua mdomo kwamba hapa ni kwake. Maman alikwenda kwa Muzee Birindwa na wenzake wanne, na mimi nyuma nikivuta mbuzi, ambaye hakutaka kwenda na alikuwa na haki. Mashahidi walikuwa wawili, katekista wa mtaa na jirani mmoja fundi viatu, wote wawili wameketi mbele ya mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambao Maman aliutanguliza kwa hekima.

"Mama Faida," Muzee akasema, akimwita Maman kwa jina langu, na tumbo lake likaanza kucheka kabla yake, "unataka kulima mu shimo? Utapanda nini mule, misumari?"

"Ile nitapanda ni shida yangu, Muzee. Wewe sema bei ya bwasa."

"Bwasa ni ya udongo. Mule iko udongo? Mawe tupu! Siwezi kuita ile kitu bwasa, batu batanicheka."

"Basi usiite. Sema bei tu."

"Mbuzi."

"Kuku mbili."

"Mbuzi umeleta mwenyewe, namuona pale na mutoto."

"Yeye alitufuata tu," Maman akasema, na hata katekista akacheka mpaka kasiksi ikampitia puani.

Wakabishana mpaka mtungi ukafika nusu. Mwisho Muzee akapiga paja. "Mbuzi mumoja, na shimo iko yenu mpaka itajaa. Siku itajaa itakuwa shamba, na shamba ni yangu. Nimesema mbele ya batu." Watu wakacheka tena. Nani angeweza kulijaza? Maman alikubali kwa sababu hiyohiyo, na hapo ndipo tulipokosea, sisi tuliojiona wajanja kwa kupata kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Tuliulizia bei ya kuingia, hatukuuliza bei ya kufanikiwa.

Tulianza mvua za kwanza za Septemba. Udongo wetu ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiutazama. Kila Jumamosi kulikuwa na Salongo, ile kazi ya lazima: kila nyumba itoe mtu na jembe, mitaro izibuliwe, asiyetokea alipe faini. Mvua ilikuwa ikiteremsha udongo mweusi kutoka mashamba ya juu na kuulundika mitaroni, na watu wa Salongo waliuchota na kuutupa bondeni ili uende zake ziwani. Maman alimwomba shefu wa mtaa kwamba nyumba za upande wetu zitupe tope lao shimoni. Shefu alifikiri kidogo, akaona atasifiwa kwa kuondoa mbu, akakubali. Kwa hiyo Serikali, bila kujua, ilitufanyia kazi kila Jumamosi. Siku nyingine tulibeba wenyewe: wanawake watano na watoto wao, vitunga mgongoni na kamba kwenye paji la uso, tope likitiririka shingoni. Tulichanganya majivu, maganda ya ndizi, samadi ya mbuzi wa watu wengine. Nilikuwa ninakaa ukingoni na kipande cha kaa, ninachora mstari mmoja ukutani kwa kila kitunga, na kila cha ishirini ninakikata kwa mstari wa kulala. Siku za kawaida vilikuwa kama mia moja sabini, Jumamosi vilipita mia tatu. Mwalimu wangu naye alikuwa akichora mistari, ya siku nisizofika.

Ulikuwa udongo wa watu, najua. Mvua iliwaibia waliokaa juu, sisi tukapokea chini. Sijawahi kuona aibu. Mwenye udongo aliyeuacha uende ziwani hana swali la kuniuliza.

Pembeni, palipoinuka kwanza, Maman alitawanya mbegu za lengalenga, na kabla ya Noeli tulikuwa tunauza mafungu sokoni Bagira. Mboga zetu zilikuwa na majani mapana kama sikio la ndama. Wateja waliuliza zinatoka wapi, na Maman Nsimire alijibu "chini", basi. Habari ya Mwenga haikutajwa tena nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, wanawake waliambiana kila jioni wakinawa miguu, na walianza hata kushindana nani atamwaga cha mwisho kabla ya jua kuzama. Muzee Birindwa naye alianza kutupenda. Alikuwa akija kila wiki, anasimama ukingoni na fimbo yake, anatusifu: "Kazeni, wanangu, kazeni!" Januari alikuja na mtu mwenye abakosi ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa Zaïre, na viatu visivyojua tope. Mtu huyo alizunguka shimo akilipima kwa hatua, midomo ikicheza. Nami nikamfuata nyuma, nikihesabu hatua zake. Alipata ishirini na tatu, kwa sababu alikuwa na miguu mirefu. Nikamsikia akimwambia Muzee, "Depo itakaa vizuri hapa, likishalingana na barabara." Muzee akasema, "Vumilia kidogo, banajaza."

Nilikaa chini. Nikatazama mistari yangu ukutani, nikapima kwa fimbo kina kilichobaki: kifua cha mtu mfupi. Nikagawanya kwa vitunga vya siku. Nikapata siku arobaini na tatu. Nikahesabu tena, nikapata arobaini na moja. Kwa vyovyote, kabla ya Pasaka. Nilikuwa nimesikia methali ile ya kibaba maisha yangu yote, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kibaba kikijaa, mwenye kibaba huja kukichukua.

Nilimkuta Maman akiwa na kitunga mgongoni. "Maman, weka chini."

"Niache, mvua inakuja."

"Weka chini. Kila kitunga unamwaga, unamupa Muzee."

Akaniangalia, akaangalia shimo, akaangalia kule alikokuwa mtu wa abakosi. Alikuwa mwanamke wa hesabu za haraka kuliko zangu, ila kwa miezi mitano alikuwa amehesabu mboga tu. Kitunga kikamtoka mgongoni, kikaanguka juu ya mguu wake. Hapo ndipo zilipokwenda zile kucha mbili. Hakulia. Aliita wenzake palepale, mguu ukitoka damu, akawaeleza. Mmoja akataka tukaombe Muzee kwa magoti. Mwingine akataka tuache kazi kabisa, tubaki na shimo nusu. Maman Nsimire akataka kumpiga mtu, yeyote.

"Kuomba, hapana," Maman akasema. "Kuacha, hapana. Alisema mpaka itajaa. Basi haitajaa. Tunatoa katikati, tunaweka pembeni."

Kelele niliyoisikia siku ile sijaisikia tena mpaka leo. Kutoa? Udongo tuliouingiza kwa migongo yetu? Maman Nsimire aliapa kwamba hagusi jembe. Kesho yake alifika wa kwanza. Tulichimba katikati mpaka tukafika tena kwenye mwamba, tukaubeba udongo kwenda pembeni, tukajenga ngazi tatu pana kuzunguka kuta zote, kila ngazi ikishikwa na lile tete refu wanalolishia ng'ombe. Ngazi ya juu kabisa tuliiacha chini ya ukingo kwa dhiraa moja, na Maman alipita kila asubuhi na mkono wake akipima. Vitunga elfu nne na zaidi vilihesabiwa mara ya pili kwa sababu vilibebwa mara ya pili. Katikati maji yakajikusanya, safari hii tukayakaribisha. Mjomba wa Maman Nsimire, aliyeishi Lwiro na kufuga samaki nyuma ya nyumba yake, akatupa vitilapia sitini ndani ya bidoni, dumu la maji. Hamsini na mmoja walifika hai, na hao wakala mbu. Halafu, kwenye ngazi ya juu, mchana kweupe, mbele ya wapita njia wote wa barabara ya Miti, Maman akapanda migomba. Aliipanda kumi na minane. Kila aliyepita alijua anasema nini.

Muzee Birindwa alikuja wiki hiyohiyo, na mtu wa abakosi, na katekista, na fundi viatu. Hakuwa akicheka. Alisimama ukingoni akielekeza fimbo kwenye migomba.

"Ni nini ile?"

"Ni shimo, Muzee," Maman akasema kutoka chini. Alikuwa amesimama karibu na maji, kitambaa kimefungwa mguuni. "Shuka uone. Pole pole, inateleza."

"Migomba! Mu bwasa batu banapanda migomba?"

Maman alimtazama katekista, ambaye alitazama viatu vyake, halafu akamtazama fundi viatu, ambaye pia alitazama viatu vya katekista, labda kwa ajili ya kazi. Mwishowe katekista akakohoa. "Muzee, mbele yetu ulikataa kuita ile kitu bwasa. Ulisema bwasa ni ya udongo. Ulisema batu batakucheka."

"Nilisema mpaka itajaa!"

"Imejaa?" Maman Nsimire akauliza, na akatupa jiwe katikati ya bwawa ili sauti yake ijibu.

Hapo mtu wa abakosi akatoa karatasi mfukoni, akavaa sauti ya ofisi. Akasema ardhi ya Zaïre yote ni ya Serikali, na kwamba sisi wanawake tulikuwa tunachezea mali ya umma, na kwamba anaweza kutuondoa kesho. Maneno kama hayo, siku zile, yalifunga midomo ya wanaume. Maman alipanda ngazi ya kwanza, akapanda ya pili akichechemea, akapanda ya tatu, mpaka uso wake ukawa sawa na mkanda wa suruali ya mtu yule.

"Sitwayeni," akamwambia, yaani raia, kwa heshima yote iliyotakiwa na chama cha Serikali, "kama udongo iko ya Serikali, huyu Muzee anakuuzishia nini?"

Mtu wa abakosi aligeuka taratibu, akamtazama Muzee, na kutoka usoni pake nikajua kwamba amekwisha kumlipa Muzee kitu. "Ndiyo," akasema. "Unaniuzia nini?" Wakaondoka wakibishana, sauti zao zikipanda kilima, na fundi viatu akabaki nyuma kidogo akauliza kama tunauza lengalenga. Tulimuuzia kwa bei ya kawaida. Ushahidi wake tulikuwa tumekwisha kuulipia kwa kasiksi.

Muzee alijaribu tena mara mbili, kwa hasira na kwa huruma, na kila mara Maman alimwalika ashuke apime mwenyewe. Mwaka wa tatu alikuja peke yake, akaketi kwenye ngazi ya kati, akaomba samaki. Alipewa mmoja, wa wastani. Mimi nilirudia darasa la nne, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu na hodari zaidi wa kugawanya.

Maman bado yupo, na bado anapima dhiraa yake kila baada ya mvua kubwa. Lakini Kasha ninayoiona leo siyo ile. Nyumba zimekaa juu ya nyumba, miti iliyoshika vilima imekwisha, na kila mwaka mvua inachukua ukuta wa mtu, wakati mwingine na mtu mwenyewe. Mashimo mengine ya kampuni ile yalijazwa takataka, yakasawazishwa, yakauzwa viwanja, na sakafu za waliojenga juu yake zimepasuka. Letu halijasogea. Watu wa mjini, wenye kalamu na koti, huja kulipiga picha na kuniuliza tulifundishwa na nani. Huwa ninawajibu kwamba tulifundishwa na mtu aliyetaka kutunyang'anya, na hawaandiki.

Tofauti kubwa kati ya siku zile na sasa ninaiona hapa mezani kwangu. Wiki mbili zilizopita walikuja wanawake saba kutoka Miti. Huko nako shimo la kokoto limeachwa, na mwenye kilima amewapa walitumie. Lakini hakuwapa kwa mdomo. Amewapa barua iliyopigwa chapa, yenye muhuri: miaka miwili kamili, shimo likijaa au lisipojaa, na siku ya mwisho kila kilichopandwa, kilichojengwa na kilichofugwa ndani yake kitakuwa chake. Nimeisoma mara mbili, halafu mara ya tatu, jambo ambalo si desturi yangu. Maneno ya Muzee yalikuwa na mahali pa kupenya kwa sababu aliyasema akicheka. Aliyeandika barua hii hakucheka. Mzee unaweza kumbishia mpaka mtungi ufike nusu, tarehe hainywi.

Kwa hiyo ninakuuliza wewe unayesoma, hasa kama unajua sheria, au kama umewahi kumshinda mwenye karatasi bila kumhonga mtu: tarehe inajadiliwa vipi? Waanzie wapi, kwa shefu, kwa mahakama, au kwa mwenyewe? Nishauri kwa maandishi, na uandike wazi. Ila usijisumbue kunishauri kwamba waache. Nilikwishawapa ushauri huo mimi mwenyewe, kwa uoga wa uzee, na walinisikiliza kwa adabu wakamaliza chai, kisha yule mdogo kuliko wote akainuka, akajifunga kamba ya kitunga kwenye paji la uso, akaniambia, "Maman, miaka miwili iko siku mia saba thelathini. Ya leo tumeshapoteza nusu."